Toroli Zenye Akili: Nipeni Skrini, Kamera Kaeni Nazo

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinizidi. Leo nimerudi kwa sababu ya video moja fupi.

Rafiki yangu tuliyesoma naye alinitumia video ya mtu akisukuma toroli katika supamaketi ya ng'ambo. Anachukua maziwa, anatia ndani, skrini kwenye mpini inaandika jina na bei. Anachukua ndizi, toroli inazipima. Akimaliza anapita zake mlangoni bila kupanga foleni, na pesa inakatwa kwenye kadi yake. Chini ya video rafiki yangu ameandika: "Bosi, hii tutaileta Nairobi lini? Wewe si ndiye fundi wa programu?"

Nilianza kumjibu kwa mistari miwili. Mistari miwili ikawa kurasa mbili, ndiyo hii mnayosoma.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili asiye na muda aendelee na shughuli zake: toroli hizi zina kitu kimoja kizuri sana, na kitu hicho si kile kinachotangazwa. Kinachotangazwa ni kamera inayotambua bidhaa. Kizuri ni ile skrini ndogo inayokuambia, ukiwa bado katikati ya rafu, umefikisha shilingi ngapi. Sisi tunahitaji ya pili. Ya kwanza inaweza kungoja, na pengine ingoje sana.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi

Nitaanza na jambo nililoliona kwa macho yangu. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mnajua foleni za siku hiyo. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja na mtoto wa shule. Kikapu chake kilikuwa kimepangwa vizuri: unga, mafuta ya kupikia, sukari, maziwa, sabuni, mkate. Alikuwa na noti moja ya elfu na moja ya mia tano, amezikunja mkononi. Nilimwona akisogeza midomo, anahesabu. Alikuwa amejumlisha bei zote alizosoma kwenye rafu, na hesabu yake ilikuwa 1,495.

Keshia akapitisha bidhaa moja moja. Mashine ikasema 1,565.

Mama akauliza kwa upole, "Mbona imezidi?" Keshia akaangalia. Mafuta kwenye mashine yalikuwa yamepanda kwa shilingi 45 kuliko rafuni, sukari kwa 25. "Hiyo ya rafu ni bei ya zamani, mama. Mashine ndiyo iko sawa." Basi ikabidi vitu virudi. Keshia haruhusiwi kufuta bidhaa mwenyewe, lazima msimamizi aje na kadi yake. Msimamizi alikuwa upande wa pili. Keshia akapaza sauti, tukangoja. Nyuma yangu watu wakaanza kuguna. Mama akatoa maziwa, akatoa sabuni, mtoto akiangalia. Hakusema neno tena. Alilipa, akaenda mlangoni, soja akaangalia risiti yake, akaangalia mfuko, akagonga mhuri.

Ningeweza kumlaumu mwenye duka, lakini nina sababu ya kunyamaza. Nilipokuwa kijana nikitafuta kazi za kuandika programu, niliwahi kuandika programu ya mauzo ya supamaketi moja ndogo. Humo ndani niliweka sehemu ya kubadilisha bei. Meneja anaandika nambari ya bidhaa, anaandika bei mpya, anabonyeza, imekwisha. Sekunde 10. Kuanzia hapo kila mashine ya keshia inasoma bei mpya kutoka kwenye seva.

Sikuandika hata mstari mmoja wa kumwambia yule kijana wa rafu kwamba bei imebadilika. Sikuchapisha kibandiko kipya. Sikuweka orodha ya "bei hizi zimebadilika leo, rafu bado". Nilidhani watu wataambiana. Kumbe kijana wa rafu yuko stoo anapakua magunia, na bei ya zamani inakaa pale siku 3. Kila mteja anayepita anahesabu kwa bei ambayo haipo tena. Mteja mwenye pesa nyingi hatajua. Mwenye noti mbili atajua, tena atajulia mbele ya watu.

Kwa hiyo nikiambiwa teknolojia itaondoa foleni, swali langu la kwanza ni: foleni inasababishwa na nini? Siku ile haikusababishwa na ukosefu wa kamera. Ilisababishwa na bei mbili za kitu kimoja, na kadi ya msimamizi iliyokuwa mbali.

Jinsi vitu hivi vinavyofanya kazi

Haya, turudi kwenye mashine. Kuna njia tatu kubwa za kumfanya mteja atoke bila keshia kupitisha bidhaa.

Ya kwanza ni msimbo pau, ile mistari myeusi nyuma ya kila pakiti. Ni teknolojia ya wazee lakini msiidharau. Bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa mistari hiyo ilipitishwa tarehe 26 Juni 1974 katika supamaketi ya Marsh, mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani. Ilikuwa pakiti ya chingamu ya Wrigley's. Bidhaa zilizosajiliwa Kenya huanza na 616, za Tanzania 620. Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki. Mfano: chukua 616123456789. Jumlisha tarakimu zilizo nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hivyo: unapata 32. Jumlisha zilizobaki: 26. Zidisha hizo 26 kwa 3, unapata 78. Ukijumlisha na 32 ni 110. Ili kufika kumi kamili inayofuata unahitaji kuongeza ngapi? Sifuri, kwa sababu 110 tayari ni kumi kamili. Basi tarakimu ya 13 ni 0. Mashine ikisoma tarakimu moja vibaya, hesabu inakataa na hausikii mlio. Nenda jikoni sasa hivi uchukue pakiti yoyote ya Kenya ujaribu, utafurahi.

Ya pili ni vibandiko vya redio, RFID. Ndani ya kibandiko kuna chipu ndogo na antena. Kisomaji kinatuma mawimbi, chipu inaamka kwa nguvu ya mawimbi hayo hayo na kujibu nambari yake. Haihitaji kuonekana, na unaweza kusoma vibandiko vingi kwa mpigo. Mwaka 2003 Walmart iliwatangazia wauzaji wake wakubwa 100 kwamba ifikapo Januari 2005 waweke vibandiko hivyo kwenye makasha na shehena zao. Wakati ule magazeti yaliandika kana kwamba msimbo pau umeshakufa. Haukufa. Chuma huyarudisha mawimbi hayo, maji huyameza, na supamaketi ni nini kama si makopo ya chuma na chupa za maji? Tena kibandiko kina gharama, na huwezi kukibandika kwenye kila kiberiti. Kimefaulu zaidi kwenye nguo. Uniqlo, kwa mfano, unaweka nguo zako ndani ya sanduku la mashine na hesabu inatokea yenyewe. Nguo haina maji wala chuma, na bei yake inabeba gharama ya kibandiko.

Ya tatu ni kamera na mizani pamoja na programu iliyofunzwa kutambua picha. Hapa ndipo Amazon ilipopiga kelele zaidi. Tarehe 22 Januari 2018 ilifungua kwa umma duka la Amazon Go mjini Seattle: kamera darini, vihisi vya uzito rafuni, unachukua na kuondoka. Julai 2020 ikatangaza Dash Cart, toroli yenye kamera, mizani na skrini. Nayo kampuni ya Caper, iliyokuwa ikitengeneza toroli za aina hiyo, ilinunuliwa na Instacart mwaka 2021 kwa dola milioni 350.

Sasa angalieni jambo linalopita kimya. Kwenye Dash Cart ile ya mwanzo, ukichukua ndizi ulilazimika kuandika nambari ya aina ya tunda kwenye skrini, ndipo mizani ipime. Yaani pamoja na kamera zote hizo, kwenye mboga na matunda kazi ya kutambua ilirudi kwa binadamu. Na Aprili 2024 Amazon yenyewe ilitangaza kwamba inaondoa ule mfumo wa kamera za darini kwenye maduka yake makubwa ya vyakula ya Amazon Fresh huko Marekani, na kutegemea zaidi toroli. Gazeti la The Information lilikuwa limeripoti kwamba watu wapatao 1,000 nchini India walikuwa wakiangalia video kuhakikisha mauzo, na kwamba mwaka 2022 mauzo 700 katika kila 1,000 yalipitiwa na watu. Amazon ilipinga maelezo hayo, ikasema kazi kubwa ya watu wale ilikuwa kuweka alama kwenye picha ili programu ijifunze, na kwamba ni sehemu ndogo tu ya mauzo iliyohakikiwa na watu. Hata tukichukua maneno ya Amazon yenyewe, kulikuwa na watu nyuma ya pazia.

Nilijaribu mezani kwangu

Sipendi kuongea juu ya kitu ambacho sijakigusa, kwa hiyo wikendi tatu nilijenga kikapu changu. Raspberry Pi moja, skana ya USB, kihisi cha uzito cha bei ya chini chini ya sinia, na kamera niliyoing'oa kwenye kompyuta ya zamani. Programu niliandika kwa Python. Nikanunua vitu vya nyumbani na kuanza kupitisha.

Msimbo pau ulifanya kazi kila mara. Sina la kulalamika.

Mizani ndiyo ilinifundisha adabu. Wazo ni rahisi: ukiskani unga wa kilo 2, uzito wa kikapu uongezeke kwa kilo 2, la sivyo kuna udanganyifu. Lakini pakiti moja ya unga ilisoma gramu 2,021 na nyingine ya aina ile ile 2,008, maana kuna karatasi, kuna unyevu, na mashine ya kufunga haikati sawasawa. Kwa hiyo unaweka nafasi ya makosa. Ukiiweka finyu, mteja mwaminifu anaitwa mwizi. Ukiiweka pana, kuna kitu kitapita humo.

Na kwetu kuna vitu vingi vya kupita humo. Sinia langu lilikuwa likitikisika kwa gramu 5 hivi hata likiwa tupu. Kipakiti cha kahawa cha shilingi 10 hakifiki gramu 2. Niliweka vitatu kwa mpigo, mizani haikujua kama nimeweka chochote. Sasa fikiria supamaketi ya mtaani kwetu: vipakiti vya kahawa, viungo vya pilau, shampuu ya kuosha mara moja. Uchumi wa kadogo ndio unaoishi watu wengi. Toroli iliyobuniwa kwa mteja anayenunua galoni ya maziwa haitamwona mteja wa kadogo.

Kamera nayo? Niliipiga picha 200 za sukuma wiki na 200 za spinachi, nikaifunza. Mchana karibu na dirisha ilikuwa hodari. Jioni chini ya balbu ya manjano ikaanza kuita sukuma spinachi, na kila kitu kilichofungwa kwenye mfuko wa khaki ikakiita mkate. Najua wenye pesa wana kamera bora na picha mamilioni. Lakini wao pia hawana picha za mchicha, managu na terere zilizofungwa kwa uzi wa mgomba.

Sukari je? Supamaketi nyingi hupima zenyewe sukari, mchele na maharagwe na kufunga kwenye mifuko, kisha hubandika karatasi ya mizani. Nambari ya karatasi hiyo kwa kawaida huanza na 2, kwa sababu nambari hizo zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya duka. Maana yake ni kwamba nambari ya duka hili haina maana katika duka lile. Programu ya toroli italazimika kuandikwa upya kwa kila duka. Hiyo kazi nzuri kwetu sisi mafundi, lakini mwenye duka ajue bili inakuja.

Mashine ikikosea, nani analipa?

Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Toroli ikisema una bidhaa 12 na wewe umelipia 11, soja wa mlangoni ataamini nani? Mnajua jibu. Leo hii tu, risiti ikikosa mhuri unarudishwa. Soja hana njia ya kubishana na mashine, na hana sababu ya kuhatarisha kazi yake kwa ajili yako. Tena hasara ikipatikana kwenye hesabu ya jioni, atakatwa nani mshahara? Hiyo nayo mnaijua.

Sisi waandishi wa programu tuna mfano mmoja ambao ungepaswa kufundishwa kila darasa la kompyuta. Uingereza, kuanzia 1999, shirika la posta lilitumia programu ya hesabu iitwayo Horizon, iliyotengenezwa na Fujitsu. Programu ilionyesha upungufu wa pesa kwenye ofisi ndogo za posta mitaani. Wenye ofisi hizo wakasema hatujaiba. Shirika likasema kompyuta haikosei. Hadi 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wamehukumiwa. Wengine walifungwa jela, wengine waliuza nyumba kulipa pesa ambazo hazikuwahi kupotea. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikubali kwamba programu ilikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu hizo. Miaka 25 tangu programu ianze kutumika.

Ile ilikuwa programu ya kujumlisha na kutoa tu. Haikuwa ikikisia kwa kamera kama hiki ni sukuma au spinachi. Programu ya picha hukisia, hata ikipewa jina gani. Inakuambia "asilimia 94 hii ni sabuni", kisha mtu mmoja ofisini anaamua kwamba asilimia 94 inatosha. Zile sita zilizobaki zitamwangukia mtu mwenye jina na watoto.

Na kuna suala la kumbukumbu. Toroli inayojua jina lako, kadi yako, umesimama wapi kwa dakika ngapi, umeshika nini ukarudisha, ina habari nyingi kuliko keshia yeyote. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kabla ya kushangilia, muulize anayekuletea toroli: picha hizi zinakaa wapi, kwa siku ngapi, na nikitaka zifutwe namwona nani?

Keshia naye ni mtu

Kuna watakaosema napinga maendeleo. La. Najua historia ya maduka ni historia ya kuhamisha kazi. Zamani muuzaji alikuwa nyuma ya kaunta na wewe unaomba, kama duka la mtaani lenye wavu mpaka leo. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua Piggly Wiggly mjini Memphis, wateja wakaanza kujichukulia wenyewe. Mwaka 1937 Sylvan Goldman wa Oklahoma City akaleta toroli, na watu wakaikataa mpaka akaajiri watu wa kuzisukuma dukani ili wengine waige. Kila hatua mteja alipewa kazi kidogo zaidi. Toroli yenye akili inampa kazi ya keshia, bila mshahara.

Kule ambako saa moja ya keshia ni ghali, hesabu inaweza kukubali. Hapa kwetu keshia ni binti aliyemaliza shule, pengine anasomesha ndugu zake wawili. Toroli yenye kamera, mizani, skrini na betri si bei ya toroli ya chuma, na toroli zetu mnaziona: gurudumu moja limekwama, moja linaimba, nyingine iko stendi ya matatu inabeba viazi. Weka juu yake umeme unaokatika, mvua ya Aprili kwenye maegesho na betri mia za kuchaji kila usiku. Halafu ongeza mtu wa kuzitunza, mtu wa kuangalia video, na soja yule yule mlangoni. Umemwondoa keshia ukaajiri watatu, wawili wao nje ya nchi.

Wala si kwamba supamaketi zetu zina pesa za kuchezea. Tuliwaona Nakumatt na Tuskys. Walianguka kwa madeni, rafu zikabaki tupu kwa sababu wauzaji hawakulipwa. Kamera bora duniani haiwezi kutambua bidhaa ambayo haiko rafuni.

Ningefanya nini mimi

Kulalamika ni rahisi, kwa hiyo nitoe mapendekezo. Yote yanaweza kufanywa na kijana mwenye kompyuta moja na duka moja lililo tayari.

Kwanza, bei moja. Programu ya mauzo isikubali bei mpya mpaka kijana wa rafu athibitishe kwa skana kwamba kibandiko kimebadilishwa. Ni mistari michache ya programu. Naiandika hapa kwa aibu, kwa sababu ndiyo mistari ambayo sikuiandika. Na rafu na mashine zikitofautiana, mteja alipe bei ya rafu. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, kwa hiyo siombi hisani.

Pili, jumla ya papo hapo. Ondoa kamera, ondoa mizani, acha skana ndogo na skrini kwenye kikapu. Au tumia simu ya mteja mwenyewe, na asiye na simu ya kisasa apewe kifaa cha duka. Anaskani, anaona: 640, 815, 1,120. Akifika 1,480 anajua asimame. Akitaka kurudisha sabuni, anairudisha rafuni kimya kimya, hakuna anayeguna. Huko Ulaya skana za mkononi kwa wateja zimetumika miaka mingi, si uchawi.

Tatu, keshia abaki, lakini apunguziwe kazi. Mteja akifika, kifaa kinaonyesha msimbo mmoja wenye orodha nzima. Keshia anausoma, anakagua vitu viwili vitatu, mboga anazipima yeye, mteja analipa kwa M-Pesa au taslimu. Mashine ikikosea, kuna binadamu mwenye macho hapo hapo wa kusema "hapana, hii ni spinachi".

Nne, mpe keshia uwezo wa kufuta bidhaa bila kuita kadi ya msimamizi, angalau hadi kiwango fulani, na programu iandike kila kilichofutwa. Msimamizi asome orodha jioni. Tulipoandika programu zile tulidhani kila keshia ni mwizi. Tuliyemwadhibu ni mteja.

Rafiki yangu nilimpa majibu haya kwa simu. Akanicheka, akasema, "Yaani wewe umepewa roketi, unaomba baiskeli." Nikamwambia nitamwonyesha mfumo ninaouongelea ukifanya kazi. Tukatoka hadi kwa mama mboga wa pale kona.

Mnamjua. Ukichukua nyanya anasema "hamsini". Ukiongeza kitunguu anasema "sabini". Ukishika dhania anasema "hapo ni themanini, na hoho?" Kila unachogusa anakitambua, hata gizani, na jumla iko mdomoni mwake muda wote. Ukisema una mia pekee, anakwambia chukua hoho moja ndogo, na hakuna mtu nyuma yako anayejua kilichotokea. Rafiki yangu alinunua vitu vya shilingi 100 kamili bila kufungua hesabu ya simu.

Hicho ndicho ninachotaka kiwe kwenye kikapu cha supamaketi. Skana, skrini, na bei ya kweli. Nimeanza kukiandika, na safari hii nimeanza na ile sehemu ya kijana wa rafu.

Kwa leo naishia hapa. Kama kuna fundi mwenzangu anayeona nimekosea hesabu, anisahihishe. Na kama una duka dogo na uko tayari kujaribu, nitakuja na vikapu viwili na soda yangu mwenyewe. Kwaherini.